Pete ya uzazi wa mpango: je, mumeo anajua?



Ndugu zangu wanafunzi, makala hii nimeichelewesha kwa miezi miwili kwa sababu ya haya. Jambo lenyewe ni la chumbani, na sisi tumelelewa kuyaacha ya chumbani yabaki chumbani. Kilichonipa moyo ni kukumbuka kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Answari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi nami nitauliza, nikiomba radhi kwa atakayeona nimevuka mpaka.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nimeolewa, naishi Buyenzi, na nina mtoto mmoja. Wakati mambo haya yanaanza alikuwa na miezi minne. Asubuhi nilikuwa namwachia mama mkwe, nakwenda darasani, adhuhuri narudi kumnyonyesha, alasiri natoka tena. Mama mkwe ni mwema, lakini kila siku alikuwa ananiambia jambo lile lile: "Mmoja ni kama hakuna. Mletee mdogo wake haraka wakue pamoja." Mume wangu alikuwa anacheka tu, nami kicheko kile nilikihesabu kuwa ni kukubali.

Ndipo wifi yangu anayeishi Brussels akaja likizo. Usiku mmoja alinivuta jikoni akanipa pakiti tatu ndogo. "Ni pete," akasema. "Unaiweka mwenyewe, hakuna daktari, hakuna sindano, na kaka yangu hatajua." Nikazificha kwenye friji, nyuma ya chupa ya maji. Wiki nzima nilikuwa nafungua friji nazitazama, kisha naifunga.

Siku ya saba nikaenda kwa sheikh mmoja ambaye tangu utoto amekuwa akitufundisha. Nikamwuliza kwa kifupi: "Sheikh, pete ya kuzuia mimba ni halali au haramu?" Nilitaraji neno moja. Yeye akanirudishia maswali mawili: "Binti yangu, hiyo pete inafanya kazi gani mwilini? Na mumeo anajua?" La kwanza sikuwa na jibu. La pili nilikuwa na jibu, nikanyamaza. Akasema: "Basi nenda ukayajibu hayo mawili, kisha urudi."

Makala hii ndiyo majibu yangu.

Kupima kwanza

Qur'ani imetufundisha kupima. Katika Suratul-Baqara, aya ya 219, pombe na kamari vilipotajwa havikusemwa kwamba havina faida hata kidogo. Tuliambiwa kwamba vina manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Hata katika jambo lililokuja kuharamishwa, mizani iliwekwa mbele ya macho yetu. Seuze jambo ambalo halina aya ya kulikataza.

Kwa hiyo nikaenda kituo cha afya nikazungumza na muuguzi mmoja, kisha nikasoma. Nililojifunza ni hili.

Pete ninayoisema ni duara laini linalopindika, upana wake sentimita tano na nusu hivi. Mwanamke huiingiza mwenyewe ukeni, akaiacha wiki tatu, akaitoa wiki moja ili apate damu, kisha akaweka mpya. Ikiwa ndani hutoa homoni mbili kidogo kidogo, estrojeni na projestini, zinazopita kwenye ngozi ya uke na kuingia katika damu. Homoni hizo huzuia yai lisitoke, na huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipite. Pete ya namna hii iliruhusiwa mara ya kwanza mwaka 2001, Uholanzi na Marekani. Nyingine, inayotumika mwaka mzima kwa kuitoa na kuirudisha, iliruhusiwa Marekani mwaka 2018.

Hapa pana jibu la kwanza la sheikh, na si dogo. Pete inafanya kazi kabla mimba haijatunga. Haiui kilichokwisha kuwapo. Anayeiita utoaji mimba hajaielewa.

Faida zake ni za kweli. Kwanza, mwanamke anaiweka mwenyewe. Halazimiki kufunua uchi wake mbele ya mtu mwingine, kama inavyokuwa kwa kitanzi. Kwetu sisi hili si dogo. Pili, hakuna haja ya kukumbuka kila siku kama vidonge. Mwanafunzi aliye katika mitihani, mwenye mtoto anayelia usiku, anajua thamani ya hilo. Tatu, ni ya muda: ukiitoa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Nne, kwa wengi damu ya mwezi hupungua na kuja kwa mpangilio.

Hasara nazo ni za kweli. Estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Hatari hiyo ni ndogo kwa mwanamke kijana mwenye afya, lakini mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kupata damu kuganda, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, au mvutaji sigara aliyepita miaka 35, haimfai. Wapo wanaopata kichwa kuuma, kichefuchefu, maziwa kujaa na kuuma, au uchafu na maambukizi ukeni. Dawa ya rifampisini, wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu, huipunguza nguvu. Ikitumiwa barabara kabisa, chini ya mwanamke 1 kati ya 100 hushika mimba kwa mwaka. Lakini kwa jinsi watu wanavyoitumia hasa, wakisahau na kuchelewa, ni kama 7 kati ya 100. Na haikingi ukimwi wala ugonjwa wowote wa zinaa. Ipo pete nyingine yenye dawa ya dapivirini, iliyofanyiwa majaribio Uganda, Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Hiyo hupunguza hatari ya virusi vya ukimwi, lakini haizuii mimba. Wanaozichanganya hizi mbili wanaweza kujuta.

Kisha muuguzi akaniuliza swali ambalo wifi hakuliuliza: "Dada, unanyonyesha?"

Nikasema ndiyo, miezi minne.

"Basi hii si yako," akasema. Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani halishauri njia zenye estrojeni kwa mama anayenyonyesha mtoto ambaye hajafikisha miezi sita, kwa kuhofia maziwa na afya ya mtoto, maadamu zipo njia nyingine. Ipo pete ya wanaonyonyesha, yenye projesteroni peke yake, inayokaa miezi mitatu, nayo iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo mwaka 2015. Lakini pakiti zilizokuwa kwenye friji yangu hazikuwa hiyo. Na yeye kituoni kwake hakuwa na pete ya aina yoyote. Alikuwa na vidonge, sindano, vijiti vya mkononi, kitanzi na kondomu. Akaongeza: "Na hata ingekufaa, hizo ni tatu. Mwezi wa nne ungefanya nini?"

Nilitoka pale nimeona aibu. Zawadi iliyotolewa kwa mapenzi ilikuwa karibu kumdhuru mtoto ambaye kwa ajili yake niliitaka. Siri ilinizuia kumwuliza mume, na ilikuwa karibu kunizuia nisimwulize hata anayejua.

Waliotutangulia walisemaje

Wapo kati yetu wanaodhani suala hili limeletwa na wazungu. Si kweli. Maswahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mwanamume kumwaga nje. Jabir (r.a.) amesimulia kwamba walifanya hivyo huku Qur'ani ikiteremka, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ipo pia hadithi ya Judama binti Wahb, katika Muslim, ambamo azli imefananishwa na kuzika kwa siri. Maulamaa wengi wameziunganisha kwa kusema kwamba azli haikuharamishwa, ila ni jambo lisilopendeza pasipo haja. Ibn Hazm aliiharamisha. Kwa hiyo hitilafu ipo tangu zamani, na anayesema dini imefunga mlango amechukua kauli moja akaziacha nyingine.

Katika hadithi hiyo hiyo ya Judama lipo jambo ambalo sisi wanafunzi hatulitilii maanani. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba aliwahi kukusudia kukataza mume kumwingilia mke anayenyonyesha, kisha akaangalia hali ya Warumi na Waajemi, akaona wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Bibi zetu walikuwa na neno lao juu ya jambo hili: walisema mtoto *amebemendwa*. Tazama basi: palipokuwa na hofu ya madhara, Mtume wetu aliangalia watu wengine wamepata nini kwa uzoefu wao, hata wasio Waislamu. Kwenda kumwuliza muuguzi, basi, si udhaifu wa imani.

Na pete yenyewe inayo ndugu yake katika vitabu vya fiqhi. Wanazuoni wa Kihanafi walijadili mwanamke anayeuziba mlango wa kizazi chake ili asishike mimba. Ibn Nujaym, aliyefariki Cairo katika karne ya 16, alilikisia na azli: kama mume anahitaji idhini ya mke katika azli, basi mke naye ahitaji idhini ya mume katika hili. Ibn Abidin wa Damascus, katika karne ya 19, alilirudia suala hilo na kulijadili upya. Hata katika azli yenyewe kuna hitilafu: wengi walishurutisha ridhaa ya mke, na katika Mashafii wapo wasioiona kuwa sharti. Imamu Ghazali, naye ni Mshafii, aliijuzisha azli na akayapima makusudio yake. Kuogopa maisha ya mke katika uzazi na kuogopa uzito wa kulea wengi hakukuona ni kosa. Kukwepa kuzaa mabinti alikuona ni nia mbaya.

Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Kuwait mwaka 1988 likatoa uamuzi. Haijuzu serikali kuwalazimisha wanandoa idadi ya watoto. Haijuzu kukata kizazi moja kwa moja pasipo dharura. Inajuzu kuzuia kwa muda ili kupanga nafasi kati ya mimba na mimba, kukiwa na haja inayokubalika, kwa kushauriana na kuridhiana mume na mke, kwa njia halali, bila madhara, na bila kuishambulia mimba iliyokwisha kuwapo.

Mwenye kuuliza kuhusu ibada naye asiachwe. Kwa Mashafii, kuingiza kitu ukeni mchana wa Ramadhani hubatilisha saumu. Baraza hilo hilo, katika uamuzi wake wa mwaka 1997, liliona dawa zinazowekwa ukeni hazibatilishi. Anayetaka kutoka katika hitilafu aiweke usiku. Na damu ikivurugika, kwa Mashafii iliyopita siku kumi na tano ni istihadha, si hedhi. Mwenye shaka amwulize mwanachuoni kabla ya kuacha swala.

Swali la pili

Nimebaki na swali la pili la sheikh, nalo ndilo zito.

Suratul-Baqara, aya ya 233, inazungumzia kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Na wakitaka kumwachisha kabla ya hapo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Nimeisoma aya hii mara nyingi tangu madrasa, na sikuwahi kuona kwamba hata ziwa la mtoto Mwenyezi Mungu ameliweka katika shauri la watu wawili. Ikiwa kumwachisha mtoto kunahitaji mashauriano, vipi kuamua lini aje mwingine?

Ndiyo maana nasema faida kubwa ya pete na hasara yake kubwa ni kitu kimoja: iko mkononi mwa mwanamke peke yake. Kwa upande mmoja inamlinda heshima yake, na inampa uwezo ambao azli haikumpa, maana azli ilikuwa mkononi mwa mume. Kwa upande mwingine inamwezesha kuishi mwaka mzima na mume anayeomba mtoto kila sijda, naye anajua kwa nini dua haijibiwi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilitaka kuficha ili nisizae, na nilikuwa karibu kuificha ndoa yenyewe.

Najua dada fulani anasoma hapa na kusema: "Wewe una mume anayesikiliza. Wangu je?" Sina haki ya kumpuuza. Katika nchi yetu, uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017 ulionyesha kwamba mwanamke huzaa wastani wa watoto 5.5, na kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 334 hufariki kwa sababu ya uzazi. Baadhi yao, nina hakika, walikuwa wamesema "nimechoka" na hawakusikilizwa. Kwa hiyo natofautisha. Mke ambaye daktari amemwambia kwamba mimba nyingine inaweza kumwua, na mume hataki hata kusikia, huyo sitamwita msaliti akijilinda. Mashauriano ni haki ya wawili, na anayeyakataa amejiondoa mwenyewe. Wala kumtii mume hakumlazimu mtu kujiangamiza. Lakini mimi sikuwa huyo. Mimi sikukataliwa, sikuuliza. Kicheko cha mume nilikifanya jibu kwa kuwa jibu hilo lilinipa ruhusa ya kuficha. Wengi wetu, tukijipima kwa haki, tuko hapa, si pale.

Na kwa ndugu wa kiume: ikiwa mkeo anaona ni rahisi kukuficha kuliko kukuambia, usianze kwa kumwuliza kwa nini amekuficha. Anza kwa kujiuliza ulijibu vipi mara ya mwisho alipokuambia amechoka.

Wapo pia wasomaji ambao hawajaoa wala kuolewa, na wapo watakaosema kwamba kuandika haya ni kuwafundisha zinaa. Nimelifikiria sana. Zinaa ni haramu kukiwa na pete na kusipokuwa na pete, na anayeacha zinaa kwa kuogopa mimba tu amemwogopa jirani, hajamwogopa Mola wake. Lakini kijana anayeingia katika ndoa bila kujua chochote ndiye atakayefika siku moja na pakiti tatu zilizofichwa nyuma ya chupa ya maji. Bora ajue sasa.

Jioni ile

Jioni ile nilimtolea mume wangu zile pakiti nikaziweka mezani. Alizitazama muda mrefu. Kisha akauliza: "Mama mtoto, ulikuwa unaniogopa mimi au unamwogopa mama?" Nikasema sijui. Akanyamaza, halafu akaniambia jambo ambalo sikulitaraji: kwamba yeye naye kila mwisho wa mwezi anaihesabu kodi ya nyumba na ada yangu, anaona mtoto wa pili sasa hivi ni mzigo, lakini aliona haya kulisema kwa kuwa Qur'ani imekataza kuua watoto kwa kuogopa umaskini. Tukaifungua Suratul-Israa, aya ya 31, tukaisoma pamoja. Inazungumzia kuwaua waliopo. Haimkatazi baba kumtaka mama apumzike. Lakini tukakubaliana pia kwamba tusije tukaifanya hofu ya riziki kuwa mungu wetu, kwani mtoafu wa riziki ni Yeye.

Wiki iliyofuata tulikwenda wawili kwa muuguzi. Tulichagua njia isiyo na estrojeni, mpaka mtoto atimize miaka miwili. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama apumzike angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Ile miaka miwili ya aya tuliyoisoma madrasa. Mama mkwe aliambiwa na mwanawe mwenyewe, si nami. Alinuna siku tatu, kisha akasema yeye naye zamani alipata wawili mfululizo na hakuna aliyemwuliza.

Pete nilimrudishia wifi yangu kabla hajasafiri. Nilimshukuru, maana alinitakia heri. Nikarudi kwa sheikh na majibu yangu mawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sasa swali lako la halali na haramu linajibika." Nami nikaona kwamba sehemu kubwa lilikuwa limekwisha kujibiwa.

Mwenyezi Mungu atupe ndoa zenye utulivu, elimu yenye manufaa, na ndimi zinazoweza kusema ukweli nyumbani kabla ya kuusema nje. Nilipopatia ni kwa tawfiki yake, nilipokosea ni kwa nafsi yangu. Wallaahu a'lam.